Somo: Bustani ya saki juu ya lava, kwa wenye parseli ndogo Goma

Somo hili la kupanda mboga ndani ya saki, yaani gunia, ni la mtu ambaye akipiga jembe kwenye parseli yake linalia kama sahani. Nasema na watu wa Murara, Birere na mitaa yote ambako lava ya Januari 2002 ilipita ikishuka ziwani, na wale wa Buhene ambao ile ya Mei 2021 iliwaachia ukuta mweusi karibu na mlango. Wenye udongo wa zamani wasome pia, ila kazi yao ni nyepesi na sitawaonea huruma.

Wengi wanaamini kwamba juu ya lava hakuoti kitu. Jiwe la Nyiragongo, volkano yetu, lina madini mengi ambayo mimea inayapenda, hasa potasiamu. Likishasagika na kuzeeka linazaa vizuri sana, na ushahidi ni shu (kabichi), karoti na poaro zinazoshuka kutoka Kibumba kuja sokoni kwetu. Vinavyokosekana kwenye lava mpya ni viwili: nitrojeni, ambayo jiwe halina kabisa, na kitu cha kushika maji. Mimina bidon nzima ya maji juu ya lava, geuka uongee kidogo na jirani, ukirudi kutazama maji yameshazama. Kwa hiyo hapa kwetu kazi ya kwanza ni kutengeneza udongo, mbegu zinakuja baadaye. Ndiyo maana sehemu ya udongo nitaiandika kwa urefu, na nyingine nitazipitia haraka.

Hatua ya 1: Udongo

Unahitaji vitu vitatu: udongo mweusi, samadi iliyooza, na changarawe ya volkano, ile nyepesi yenye matundu. Mimi nachanganya ndoo mbili za udongo, ndoo moja ya samadi na nusu ndoo ya changarawe.

Udongo unaweza kuukusanya mwenyewe kwenye kona za parseli ambako mvua inauleta na kuuacha, au ununue uletewe kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Ukinunua, uloweshe kidogo mkononi, ufinye. Ukitoa donge gumu lisilotaka kuvunjika, ongeza changarawe. Kisha uliza umechimbwa wapi. Udongo uliotoka karibu na shimo la choo usiingie kwenye saki ya mboga hata ukipewa bure. Kipindupindu si mgeni katika mji huu.

Samadi ya ng'ombe, inayotoka upande wa Sake na Masisi, ni nzuri ikiwa imelala miezi miwili au mitatu. Utaijua: haina joto ukiingiza mkono, hainuki, na majani yake hayaonekani tena. Mbichi itaunguza mizizi. Ya kuku ni kali zaidi. Ioze vizuri na utie nusu ya kipimo. Lakini kwa mtu wa mjini, mbolea ninayoipenda kuliko zote ni ya sungura na simbilisi. Haina ukali, unaweza kuitia bila kungoja, na nyumba nyingi za kwetu zinafuga simbilisi jikoni, halafu kinyesi chao kinafagiliwa na kutupwa barabarani kila asubuhi. Hapo ni nitrojeni inatupwa.

Maganda ya ndizi na viazi na mabaki ya mboga yalundike pembeni, uyafunike kwa majani makavu, uyageuze mara moja kwa wiki. Nyama na mafuta usitie, utaita panya. Majivu ya makala tia konzi moja tu kwa saki. Najua bibi zetu walitia mengi, lakini wengi wao walilima udongo mwekundu wa milimani wenye uchachu. Wetu una potasiamu ya kutosha, na majivu yakizidi majani yanageuka njano.

Hatua ya 2: Kusimamisha saki

Chukua saki ya kilo 100, ile ya mahindi au maharagi. Chagua mahali pake kabla ya kujaza, panapopata jua kwa muda wa saa tano au sita kwa siku, kwa sababu ikishajaa hata vijana wanne hawaitikisi.

Kunja midomo ya saki nje. Tandika mawe madogo chini. Sasa chukua kopo kubwa lililotolewa kitako, lisimamishe katikati, ulijaze mawe ya ukubwa wa yai. Jaza udongo kuzunguka kopo, kisha livute juu taratibu, mawe yatabaki. Lijaze tena, weka udongo tena, vuta tena, mpaka saki ifike usawa wa kiuno. Ile nguzo ya mawe katikati ndiyo mfereji wa kupeleka maji mpaka chini. Bila nguzo, juu panakuwa tope na chini panakuwa vumbi. Mawe angalau hayauzwi, kila mtu anayo.

Mwagilia kwa wiki moja bila kupanda kitu, udongo ushuke, kisha uongeze.

Hatua ya 3: Kupanda

Kwenye ubavu wa saki kata matundu madogo ya vidole viwili, shibiri moja kati ya tundu na tundu, yakipishana ili mmea wa juu usiukalie wa chini kichwani. Hapo panda lengalenga (mchicha), sukuma, seleri na vitunguu vya majani. Juu weka miche miwili ya tomate, au pilipili, au shu moja tu, maana shu ni mchoyo wa nafasi. Karoti haipendi kuhamishwa. Mbegu zake zimwagwe palepale juu. Usizipeleke ubavuni, zitatoka zimejipinda.

Lengalenga unaanza kukata baada ya wiki nne hadi sita. Acha kisiki cha urefu wa kiganja, kitachipua tena. Usiing'oe na mizizi kama wale wanaouza kwa mafungu. Wao wana shamba, wewe una saki. Sukuma inangoja karibu miezi miwili, kisha unachuma majani ya chini tu.

Tomate ianze kitaluni mwishoni mwa Aprili, miche ihamie kwenye saki jioni moja ya mwisho wa Mei au mwanzo wa Juni. Hivyo itazaa wakati wa kiangazi, jua likiwa kali na ukungu ukiwa mchache. Anayepanda tomate Oktoba anajitafutia ugonjwa. Tutarudi hapo kwenye maswali.

Hatua ya 4: Maji

Mvua ikikatika, saki moja inataka nusu bidon kwa siku, yaani lita 10, imiminwe asubuhi polepole kwenye nguzo ya mawe. Funika udongo wa juu kwa majani makavu ya migomba, utaokoa maji mengi.

Maji ya bati ni bora, lakini mvua ya kwanza baada ya siku nyingi kavu iache ipite, kwa sababu inaosha majivu na uchachu wa moshi wa volkano uliolala juu ya bati. Maji ya ziwa Kivu yana chumvi kidogo. Ukiyatumia Juni hadi Agosti mfululizo chumvi inabaki kwenye saki, basi yapokezane na maji ya mvua au ya robine kila unapoweza. Na usiyamwage juu ya majani yatakayoliwa mabichi. Maji ya kuoshea mchele na mboga, karibu. Ya sabuni, hapana.

Hatua ya 5: Matunda

Kwa parseli ya mawe, anza na marakuja. Kimo chetu cha mita 1,500 na kidogo kinaifaa marakuja ya zambarau. Tafuta ufa kati ya mawe, upanue kwa mtaimbo mpaka upate shimo la goti, ujaze mchanganyiko uleule wa saki. Mizizi itajitafutia njia, na mmea utapanda ukuta wa mawe bila kukuuliza. Karibu mwaka mmoja utaanza kuchuma. Kinyomoro, ile tomate ya mti, nacho kinakubali, ila matawi yake yanavunjika kwa upepo. Kiegemeze kwenye ukuta. Frezi (stroberi) zinakaa vizuri hata kwenye bidon iliyopasuliwa katikati. Avoka nunua mche uliopachikwa, miaka mitatu au minne unakula. Muembe usihangaike nao, baridi ya hapa inaukatisha tamaa. Maembe acha tuletewe.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama mmoja wa Ndosho: Jambo sana mama. Tomate zangu zilikuwa nzuri, mvua ya Novemba imekuja, majani yako na mabaka meusi, hata matunda yameoza rangi ya kahawia. Nilitia majivu, hakuna kitu. Nifanye nini?

*Jibu:* Jambo mama. Hiyo ni mildiu, ugonjwa wa unyevu na baridi, uleule unaochoma viazi. Majivu hayaiwezi. Ng'oa miche iliyoshikwa sana, uipeleke mbali, usiitie kwenye lundo la mbolea. Iliyobaki kata majani yote yanayokaribia udongo, na simamisha miti minne ufunike juu kwa plastiki inayopitisha jua, pembeni pabaki wazi upepo upite. Jani lisipolowa, mildiu haina mlango. Dawa ya shaba wanayouza maduka ya kilimo inazuia, haiponyeshi: inapigwa kabla. Na saki hiyo msimu ujao usipande tomate wala viazi, panda lengalenga au vitunguu.

Kijana wa Katoyi: Na kama tomate inanyauka ghafula, majani yako mabichi kabisa, bila doa?

*Jibu:* Kata kipande cha shina karibu na udongo, kining'inize kwenye glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka baada ya dakika chache, ni bakteria wa udongo. Hakuna dawa. Toa mmea, na udongo ule usiurudishie tomate, pilipili, viazi wala bilinganya. Usipoona kitu, angalia maji kwanza: huenda nguzo yako ya mawe imeziba.

Baba wa Bulengo: Mama, parseli yetu iko na bonde dogo karibu na ukuta. Nataka nichimbe humo shimo la mbolea na nipande migomba, kwa sababu ni kama udongo umekusanyika humo. Lakini majani hayaoti vizuri, na tulikuta kuku wawili wamekufa asubuhi. Majirani wanasema ni mazuku. Batoto wanacheza pale.

*Jibu:* Baba, batoto watoke hapo leo. Usingoje ushauri wa pili.

Mazuku ni gesi ya kaboni dioksidi inayopanda kutoka ardhini kwenye nyufa. Haina rangi, huwezi kuinusa, na ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inajaa bondeni na kutulia. Usiku na alfajiri bila upepo inakuwa nyingi. Jua na upepo vikija inatawanyika, ndiyo maana mchana mtu anapita salama na kudhani majirani wanaota. Kuku, mbuzi na mtoto mdogo wanadhurika mbele ya mtu mzima kwa sababu pua zao ziko chini. Mtu akiinama kuchimba, pua yake nayo inakuwa chini.

Basi usichimbe shimo lolote hapo, la mbolea wala la takataka. Usiingie kumtoa mnyama aliyeanguka, watu wamekufa hivyo. Zungushia uzio, na wajulishe watu wa OVG, wanaofuatilia volkano na gesi hizi. Hata mimea inakataa hapo kwa sababu mizizi nayo inapumua. Bustani yako iweke sehemu ya juu ya parseli, kwenye saki, na mbolea ilundikwe juu ya ardhi. Watu wote wa upande wa ziwa, Himbi, Keshero, Bulengo na Lac Vert, someni jibu hili hata kama hamlimi.

Mama wa Munigi: Migomba yangu majani yanakuwa njano na ndizi zinaiva mbele ya wakati, ukikata ndani kuna kahawia. Jirani anasema nikate matawi tu.

*Jibu:* Huo ni mnyauko wa bakteria. Kongo ulitambuliwa mwaka 2001 huko Masisi, na unasafiri kwa panga na kwa wadudu wanaotembelea ua la chini. Kata shina lililougua usawa wa ardhi, uliache lioze palepale bila kulisafirisha, na panga lipitishe motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine. Migomba mizima itoe lile ua la chini mara tu chane ya mwisho ikitokea, kwa kijiti chenye panda, bila chuma. Na usichukue mche kwa jirani huyo, hata akikupa kwa upendo.

Mwanafunzi, Majengo: Majani ya sukuma yamepata madoa meupe kama yaliyoungua baada ya manyunyu. Hakuna mdudu. Bado tunaweza kula?

*Jibu:* Upepo ukileta moshi wa volkano mjini na manyunyu yakapita ndani yake, maji yanakuwa machachu na kuunguza majani. Chuma yaliyoungua uyatupe, yaliyobaki yaoshe vizuri kwa maji mengi, mle. Miche midogo ifunike kwa shitingi ya plastiki mlima ukianza kutoa moshi mwingi.

Dada wa Himbi: Siye tunapanga nyumba. Mwenye nyumba akitufukuza, saki zinaenda wapi?

*Jibu:* Saki yenyewe jua inaichana kwa mwaka mmoja hivi, kwa hiyo hiyo usiililie. Siku mkijua mnahama acheni kumwagilia siku nne, vuneni vyote, pasueni saki, muutie udongo kwenye saki ndogo za kilo 25, chukudu ibebe. Mawe ya katikati yaacheni, mnakokwenda hayakosekani. Mkifika, ongezeni ndoo moja ya samadi kwa kila saki mpya, mngoje wiki moja, halafu muanze na lengalenga.