Kukadiria muda wa kujenga ghala la data

Ghala la data ni hifadhi moja inayokusanya data kutoka mifumo mbalimbali ili itolewe ripoti. Ukikadiria muda wa kulijenga, usianze na idadi ya majedwali. Orodhesha mifumo inayotoa data: mauzo, stoo, malipo ya simu. Kisha chungulia data yenyewe kabla ya kutaja tarehe: nafasi zilizo tupu, wateja waliosajiliwa mara mbili, namba za simu zinazoanza na 07 huku na +2557 kule. Usafishaji huo ndio unaokula muda, si ripoti.

Jenga mada moja kwanza, tuseme mauzo, kutoka chanzo hadi ripoti, ukiandika siku za kuchota, kusafisha, kupakia na kuhakiki na wahasibu. Hicho ndicho kipimo cha mada zinazofuata. Ruhusa za kuingia kwenye mifumo zikadirie kivyake. Data ya miaka ya nyuma ihesabu kama chanzo kipya, maana mpangilio wake huwa tofauti.