Shelfu za wazi jikoni: panga kwa mkono, sio kwa macho

Nyumba nyingi za kupanga huku Kampala jiko linakuja na sinki, kipande cha slabu na ukuta mtupu, basi. Fundi wa makabati akikutajia bei unanyamaza, ndo watu wanaishia kwenye shelfu za wazi, na mi naona wamefanya la maana, ila waziweke vizuri.

Cha kushika ni kimoja: kinachotumika kila siku kikae wazi, kisichotumika kiingie kwenye boksi. Manake mafuta ya kukaangia yakipanda na mvuke yanakutana na vumbi jekundu la barabarani, yanafanya utando unaonata, sasa sahani inayooshwa mchana na usiku haina muda wa kushika huo utando, lakini ile seti ya vyombo vya maua mliyopewa kwenye harusi ukiigusa baada ya miezi miwili vidole vinabaki hapo hapo.

Mbao nenda Ndeeba, chukua paini kavu ya inchi 12 kwa inchi 1. Sahani kubwa ina kama sentimita 27 kwa hiyo ubao mwembamba utaiacha ikining'inia nje, na mbao mbichi mvua za Machi zikianza zinapinda. Vanishi ipigwe mara mbili, na upande wa chini pia, mafundi wanaurukaga kwa sababu hauonekani wakati mvuke unapiga huko huko.

Vishikio vya chuma wanakuchomelea Katwe, weka kimoja kila sentimita 60. Mwenye nyumba muulize kwanza kabla ya kutoboa. Plasta peke yake haibebi kitu, drili iingie kwenye tofali angalau sentimita 5, na tofali zetu nyingi za kuchoma kienyeji zingine ni laini sana, ukiona vumbi linamwagika kama unga na drili haisumbuki sogeza tundu. Pimamaji tumia, jicho linadanganya.

Shelfu ya kwanza ikae sentimita 45 juu ya slabu, ya pili 30 au 35 juu ya hiyo. Juu ya gesi au sigiri usiweke kabisa, weka pembeni.

Sasa kupanga. Sufuria nzito chini, sahani katikati zisizidi nane kwa rundo, vikombe ning'iniza kwenye kulabu ndogo chini ya ubao, glasi zikikauka zilaze kifudifudi. Vile vikombe vya plastiki vya kila rangi ndo vinaharibu sura ya jiko, vitie vyote kwenye kikapu kimoja, hivi vyetu vya ukindu na nyuzi za mgomba vinapendeza bila kujitahidi. Na acha nafasi, shelfu iliyojaa hadi pembeni inaonekana duka la mtaani.

Vyakula vikavu ndo pa kuwa makini. Maharage, sukari, unga wa ulezi viingie kwenye makopo ya kioo yenye kifuniko kinachobana, hata ya jemu uliyoyamaliza, ukipaka vifuniko rangi moja nani atajua. Karanga zikauke kabisa kabla hujazifungia kwa sababu unyevu ukibaki ukungu unaota, na sumukuvu yake haitoki kwa kupika, zikinuka au zikibadilika rangi tupa hata kama roho inauma. Bizari weka mbali na dirisha, jua linaiua harufu.

Gazeti usitandike chini ya vyombo, mende wanapapenda pale chini kuliko wewe.

Futa kila wiki kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kiangazi cha Desemba mpaka Februari kama uko karibu na barabara ya vumbi futa mara mbili. Makopo yaliyonata paka beking soda iliyolowa kidogo, acha dakika 15 halafu sugua, ila kwenye ubao wenye vanishi usiipeleke, utaikwangua.