Shingo ikiuma kichwa hukosa shabaha: jinsi ya kujipima na kuizoesha upya

Huku kwetu Pemba shingo ikiuma mtu anachuliwa mafuta, anameza kidonge, maumivu yakipungua anajua kapona. Halafu wiki ya pili anakwambia akigeuka ghafla anayumba, akikaa kwenye gari akitizama nje kichwa chamzunguka, kapimwa presha iko sawa. Jamani hapo itizameni na shingo pia.

Iko hivi, ile misuli midogo ya chini ya kisogo ina vihisi vingi mno kuliko misuli mingi ya mwili, na kazi yake ni kuuambia ubongo kichwa kimeelekea wapi, ubongo nao unalinganisha na habari za macho na za sikio la ndani. Sasa ukianguka, au gari ikafunga breki kichwa kikaenda mbele kikarudi, au maumivu tu yakikaa muda mrefu, zile habari za shingo zinakuja zimepotoka, misuli ya ndani inazembea, ya nje inakaza kuifidia, ndo mana mwenye shingo mbovu anageuka mwili mzima na kichwa kinakwenda kwa kukatakata.

Kabla ya yote: aliyeanguka mkarafuuni au kwenye vespa leo HAJIPIMI, analazwa hapo hapo asiinuliwe shingo, mtu ashike kichwa kisicheze mpaka msaada ufike. Na ukiwa na ganzi au udhaifu wa mikono na miguu, unaona viwili viwili, ulimi mzito, kumeza tabu, mkojo haushikiki, au homa na shingo imekakamaa, nenda hospitali leo leo.

Wengine tujipime. Tafuta kile kitochi cha leza, kifunge kwa plasta mbele ya kofia inayobana, kaa kwenye kiti chenye mgongo, kichwa kiwe sentimita 90 kutoka ukutani. Bandika karatasi, leza ikipiga sawasawa kwako mbele tia alama. Funga macho, geuza kichwa kulia taratibu mpaka unapofika bila kulazimisha, kisha urudi pale unapodhani ndo katikati. Useme "nimefika", mwenzio atie nukta ilipo leza, wewe usichungulie! Rudia mara kadhaa, na kushoto, na juu, na chini, halafu pimeni kwa rula. Ukiwa kwa wastani unakosea zaidi ya sentimita 7 hivi, ambazo kwa umbali huo wa sentimita 90 ni kichwa kupotoka digrii 4.5, shingo yako haijui vizuri kichwa kiko wapi. Watoto wakae mbali, leza machoni ni hatari.

Kuizoesha ni kwa kitu hicho hicho. Funga macho, geuka, rudi, fungua, jisahihishe mpaka kwenye alama, tena na tena. Ukizoea chora ukutani mstari, baadae nane iliyolala, ifatize na leza polepole, ukiona inaruka ruka punguza mwendo, hapa hakuna sifa ya haraka. Lingine nyoosha mkono, tizama ukucha wa kidole gumba usiuache, huku kichwa kinakwenda kulia na kushoto.

Na hili la misuli ya ndani watu wanalidharau nami naliona ndo lenye faida khasa: lala chali, itikia "ndio" kidogo tu, kidevu kishuke kuelekea kooni bila kuinua kichwa, ukishika shingo kwa mbele isikaze kama kamba, kaa hivyo sekunde 10, pumzika, mara 10. Kizunguzungu kidogo kikija simama kitulie, kikizidi au maumivu yakishuka mkononi acha, muone mtu wa fiziotherapia.

Tafadhali sana, kinyozi asikuvunje shingo hiyo ikalia "kwa!" Si mara nyingi, lakini mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo unaweza kuchanika, mtu akapata kiharusi.

Baada ya wiki kadhaa jipime tena kwa umbali ule ule na kofia ile ile. Vespa na kupanda mikarafuu subiri mpaka uweze kugeuka upesi pande zote mbili, kutizama juu ukashuka, bila kuyumba.