Kabla Hujasema Kompyuta Imeharibika

Mimi ni mhasibu, lakini ofisini kwetu printa ikimgomea mtu, mezani kwangu ndipo anapokuja kwanza. Swali langu huwa moja: "Kabla haijaanza vituko, ulibonyeza nini?" Jibu nalo huwa moja: "Sikubonyeza kitu." Basi hapo naanza kutafuta, maana kompyuta nyingi ninazoitiwa ni nzima kabisa. Zinatii amri ambayo mwenyewe hajui kama aliitoa, au aliyoitoa mwingine kabla yake. Nitazungumzia Windows, kwa kuwa ndiyo iliyo kwenye meza zetu.

Kibodi ndiyo rahisi kuliko zote. Ukibonyeza herufi haitoki mpaka uing'ang'anie? Yaelekea mtu aliegemea Shift ya kulia kwa sekunde 8, kikajitokeza kidirisha cha kuuliza, naye akakikubali bila kusoma. Kuanzia hapo kompyuta inapuuza miguso mifupi. Chombo hicho kiliwekwa kuwasaidia watu ambao mikono yao inatetemeka. Shift ikibonyezwa mara 5 mfululizo inaleta ndugu yake, yule anayezifanya Shift na Ctrl zibaki zimebonyezwa hata ukiziachia. Yote mawili, Filter Keys na Sticky Keys, yanazimwa kwenye mipangilio, sehemu ya Accessibility, kisha Keyboard. Kama j, k na l zinatoa tarakimu kwenye kompyuta ndogo ya mkononi, tafuta Num Lock. Kama unachoandika kinameza maneno yaliyo mbele yake, bonyeza Insert mara moja. Usinunue kibodi mpya kabla ya kupita hapo.

Halafu kuna wale wa "nimezima nikawasha, bado." Nawaamini, ila kuzima si kuwasha upya. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kompyuta nyingi zikizimwa kwa kawaida haziachii kila kitu: kiini cha mfumo pamoja na draiva zake, yaani programu zinazoendesha vifaa kama printa, huhifadhiwa kwenye diski ili kesho mashine iwake haraka. Kwa hiyo draiva iliyopagawa jioni inaamka asubuhi ikiwa vilevile. Ukichagua Restart, mfumo unasomwa upya tangu mwanzo. Ukitaka ushahidi, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda Performance, kisha CPU, utazame palipoandikwa "Up time". Mtu anayezima kila jioni hushangaa kukuta siku na siku zimehesabiwa hapo. Unaweza pia kushikilia Shift huku ukibofya Shut down. Hapo mashine inazimika kikamilifu. Watu wanacheka ushauri wa kuwasha upya, lakini ukifanywa sawasawa unamaliza mengi kuliko programu zote za "kusafisha kompyuta" zinazotangazwa mtandaoni. Hizo, kwa maoni yangu, usiziguse.

Printa ina tabia mbili. Ya kwanza: unaagiza chapa, kimya, wala hakuna karatasi. Tazama jina la printa iliyochaguliwa. Windows 10 na 11 zina mpangilio unaoiruhusu Windows ikuchagulie printa, nayo hushika ile uliyotumia mwisho. Jana ulihifadhi barua kama PDF, leo ankara zako zinaelekea kwenye PDF. Fungua mipangilio ya printa, uzime "Let Windows manage my default printer", kisha uchague printa yako mwenyewe. Ukiwa hapo hapo fungua foleni ya kazi zinazosubiri kuchapwa, uhakikishe hakuna alama kwenye "Use Printer Offline" kama unaiona.

Tabia ya pili ni foleni kukwama. Faili la kwanza limegoma, mtu akatuma tena, na tena, sasa yamejipanga nyuma ya lile bovu kama abiria nyuma ya basi lililozimika barabarani. Ukijaribu kulifuta linaandika kwamba linafutwa, na linabaki hivyo hadi saa ya kutoka kazini. Dawa yake hii: kwenye kisanduku cha kutafutia andika services, fungua, shuka hadi Print Spooler, huduma inayosimamia foleni hiyo, ubofye Stop. Kisha nenda kwenye folda C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, ufute vilivyomo ndani, folda yenyewe uiache. Rudi Print Spooler, bofya Start. Utahitaji haki za msimamizi wa kompyuta. Kama huna, muite mwenye nazo. Na ukishafanikiwa tuma chapa moja, usubiri itoke.

Sasa Excel, ambako ndiko ninakoishi. Malalamiko makubwa ni namba za simu kupoteza sifuri ya mbele, na namba ndefu za akaunti kuishia na sifuri ambazo hakuna aliyeziandika. Excel inaona tarakimu, inadhani ni hesabu, na hesabu huzishika kwa tarakimu 15 tu. Zinazofuata inazigeuza sifuri. Namba ambayo hutaijumlisha wala kuizidisha ni maandishi, basi iambie hivyo kabla ya kuandika: chagua safu nzima, uipe umbo la Text. Ukibadilisha umbo baadaye, sifuri iliyokwisha kupotea hairudi. Faili la CSV, yaani data iliyohifadhiwa kama maandishi yanayotenganishwa kwa koma, usilifungue kwa kulibofya mara mbili. Pitia Data, kisha From Text/CSV, uziweke safu hizo kuwa maandishi kabla hazijaingia.

Kugeuza vitu kuwa tarehe ni ugonjwa wa ukoo huo huo. Ulisumbua hata wanasayansi: mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilitangaza kwamba jeni kama SEPT1 na MARCH1 zimepewa majina mapya, kwa sababu Excel ilikuwa ikizisoma kama Septemba na Machi. Toleo jipya limeweka mahali pa kuzima mabadiliko hayo: File, Options, Data, chini ya Automatic Data Conversion.

Ila linaloniletea wageni wengi karibu na kufunga hesabu ni fomula zisizokokotoa. Umebadilisha kiasi, jumla haitikisiki. Nenda Formulas, Calculation Options, utakuta imewekwa Manual. Nani kaiweka? Huenda si wewe. Excel hufuata hali ya kitabu cha kwanza (yaani faili la Excel) ulichofungua, na vitabu vinavyofuata vinaburutwa nayo. Mwenzako aliyekuwa na jedwali zito alizima ukokotoaji ili lisimcheleweshe, akalihifadhi, akakutumia kwa barua pepe, ukaanza siku kwa kulifungua. Rudisha Automatic, kisha uhifadhi lile jedwali lake pia, vinginevyo kesho mtarudi hapo hapo. Ukiwa na haraka bonyeza F9.

Kivinjari kikidai kwamba kila tovuti si salama, hata zile unazozitumia siku zote, tazama saa na tarehe ya kompyuta. Vyeti vya usalama vina siku ya kuanza na siku ya kuisha. Mashine inayoamini ni miaka kadhaa nyuma itavikataa vyote. Saa ikirudi nyuma kila unapochomoa umeme, kuna betri ndogo ya duara kwenye ubao mama, mara nyingi CR2032, nayo imekwisha.

Kipanya kisicho na waya kinachorukaruka hakina amri yoyote iliyosahauliwa. Vifaa vya USB 3.0 hutoa kelele ya redio kwenye masafa ya GHz 2.4, ambayo vipanya vingi hutumia. Intel walilieleza hilo mwaka 2012. Kipokezi chake, kile kidude kinachochomekwa kwenye USB, kikiwa jirani na diski ya nje, kitoe ukichomeke upande mwingine.

Na diski yenyewe ikianza kugonga tik-tik huku mafaili yakichelewa kufunguka, sahau ushauri wa kuwasha upya, maana huenda isiwake tena. Nakili kwanza yale yasiyo na nakala kwingine, kisha zima, na hapo ndipo umwite fundi wa kweli.