Riba Nono ya Hatifungani za Kampuni: Hesabu ya Kufanya Kabla ya Kununua Vipande

Mfuko wa hatifungani (hati za mkopo) za kampuni zenye riba kubwa hukusanya fedha za watu wengi kwa kuwauzia vipande, yaani sehemu za mfuko, na kuzikopesha kampuni ambazo wakadiriaji wa uwezo wa kulipa madeni wamezipa daraja la chini ya BBB- (S&P na Fitch) au Baa3 (Moody's). Riba ni kubwa kwa sababu mkopeshaji ana wasiwasi wa kutolipwa. Wafanyabiashara wa dagaa pale Kibirizi, Kigoma, wanaijua kanuni hii: mwenye sifa ya kuchelewesha deni hapewi mali kauli kwa bei ya mwenzake.

Ukipewa karatasi ya mfuko wa Marekani, tafuta kwanza pengo, yaani riba yake imezidi kiasi gani ile ya hatifungani za serikali ya Marekani za muda uleule. Mwishoni mwa 2008 pengo lilivuka pointi 20 za asilimia. Machi 2020 lilikaribia 11. Likiwa pana hivyo, bei imeshaanguka na anayeingia analipwa vizuri kwa hofu anayoibeba. Likiwa pointi 3 hivi, wengi huona mambo shwari, na mimi hapo ndipo ninapoogopa zaidi.

Sasa shika kalamu. Chukua mfano wa fedha yenye thamani ya shilingi milioni 10 na riba ya asilimia 8: kwa mwaka ni 800,000. Tuseme kampuni 4 kati ya 100 zinashindwa kulipa. 400,000 ziko matatani. Kwa kawaida hurudi kama asilimia 40 ya deni, yaani 160,000, hivyo umepoteza 240,000. Ondoa ada ya meneja, asilimia 0.75, ambayo ni 75,000. Mkononi unabaki na 485,000. Serikali ya Marekani ikilipa asilimia 4.5 ungepata 450,000. Basi hofu yote ile umeibeba kwa 35,000.

Rudia hesabu hiyo kwa kampuni 2, kisha 8 kati ya 100. Kwa 8 utaona mwenyewe riba inavyoliwa. Na angalia sehemu ya mfuko iliyo daraja la CCC, moja ya madaraja ya chini kabisa. Ikizidi moja ya kumi, uliza kwa nini.

Kipimo kingine ni cha mtikisiko wa bei (duration). Kikiwa 4, riba za soko zikipanda pointi 1, thamani ya kipande hushuka kama asilimia 4.

Usisahau sarafu, maana mfuko wa Marekani ni wa dola. Mwishoni mwa 2024 dola ilishuka kutoka kama shilingi 2,700 hadi kama 2,400. Aliyeshika dola alipoteza zaidi ya riba ya mwaka mzima. Linganisha pia na nyumbani: mwaka 2024 hatifungani ya miaka 25 ya serikali ya Tanzania ilitolewa kwa zaidi ya asilimia 12, tena kwa shilingi.

La mwisho ni ukwasi, yaani wepesi wa kugeuza mali kuwa fedha. Desemba 2015 mfuko wa Third Avenue wa Marekani ulisimamisha malipo kwa wenye vipande, kwa kuwa hatifungani zake hazikupata wanunuzi wa bei ya maana. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kati ya Mei na Agosti 2024, mwenye kuhitaji mtaji wa kununulia dagaa tarehe ya kufunguliwa alipaswa kuwa na fedha mkononi siku hiyohiyo. Fedha ya namna hiyo isiingie humu kabisa. Weka ile tu usiyoihitaji kwa miaka 5.