Kabla Hujabonyeza "Tafuta"

Nahudumu kwenye saiba, duka la intaneti, hapa Mwembe Tayari, Mombasa, na wateja wengi hunituma niwatafutie mambo mtandaoni. Nimegundua kwamba hofu ikishika kibodi, jibu huwa limeshaandikwa ndani ya swali. Basi fanya hivi.

Hatua ya 1: Andika kwa kalamu kilichokupata, si unachokiogopa. Mama mmoja aliingia alasiri ya Ramadhani. "Mwanangu, niandikie hapo: dalili za uvimbe wa ubongo." Tukaupata, tena wa kila aina! Mtambo hutafuta kurasa zinazoshabihiana na maneno uliyoupa, haukupimi. Nikamsogezea karatasi.

"Kichwa kimeanza lini, mamangu?"
"Tangu mfungo wa kwanza, mchana mchana."
"Na kahawa tungu ulikuwa wanywa?"
"Vikombe vitano kwa siku, wallahi."

Tukaandika upya: kuumwa kichwa, kufunga, kuacha kahawa. Zikaja kurasa nyingine kabisa, zikieleza kwamba aliyezoea kahawa akiikatiza, kichwa huweza kuanza kumuuma baada ya saa 12 hadi 24. Mimi si daktari, na nilimwambia hivyo. Lakini sasa alikuwa na jambo la maana la kumweleza daktari.

Hatua ya 2: Futa "kamwe", "kila mara", "hakuna". Ukiandika "kwa nini hakuna anayeniajiri" utaletewa vilio vya wenzako. Andika "makosa katika barua ya kuomba kazi".

Hatua ya 3: Tafuta cha kukupinga. Hapa hata mimi hukwama. Mwaka 1960 mwanasaikolojia Mwingereza Peter Wason aliwapa watu namba 2, 4, 6 wakisie kanuni yake kwa kujaribu namba zao. Wengi walidhani ni kuongeza mbili. Wakajaribu mfano wa 8, 10, 12, wakaambiwa sawa, wakazidi kujiamini. Kumbe kanuni ilikuwa namba zinazopanda tu. Aliyejaribu 1, 2, 3 ndiye angeshtuka kuambiwa sawa. Kwa hiyo ukishasoma "madhara ya" kitu, andika na "faida za" kitu hicho hicho.

Hatua ya 4: Jiwekee dakika 20, kisha simama. Na kama kichwa kimekupasua ghafla kuliko siku zote, ulimi umekuwa mzito, upande mmoja umelegea, au una homa na shingo imekakamaa, usiandike chochote. Ita tuktuk, nenda hospitali.