Kupunguza sukari kwenye chai
Wengi wanaojaribu kupunguza sukari kwenye chai hurudia kiasi cha zamani baada ya wiki chache, kisha hujilaumu kuwa hawana nia, ilhali mkono wao umezoea kuchota kabla hata hawajafikiri. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa London, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha kuwa tabia mpya huchukua wastani wa siku 66 kuwa mazoea, na kwamba kukosa siku moja hakuharibu jitihada, jambo ambalo kwangu linatia moyo sana.

Basi usitegemee nia peke yake. Ondoa kopo la sukari mezani na utumie kijiko kidogo, ambacho hubeba takriban gramu 4. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba, ikiwezekana, sukari isizidi takriban gramu 25 kwa siku, na vikombe vitatu vya vijiko viwili viwili vinakaribia kuimaliza kabla hujagusa soda wala maandazi. Pale ambapo chai hutiwa sukari ikiwa bado jikoni, omba iletwe bila sukari, kila mtu ajitilie mwenyewe.